Mlango wa Pembeni

Mkutano wa kamati ya mtaa ulifanyika Januari 2016, katika ukumbi ulio chini ya kanisa moja la zamani la Wapolandi, upande wa mashariki wa mji wa Buffalo, Marekani. Mashine ya kupasha joto ilikuwa imegoma, kwa hiyo watu walikaa na makoti yao. Adolphine Bulonza alichagua kiti cha safu ya mwisho, karibu na birika la kahawa, akaomba moyoni mtu yeyote asiulize ni nani aliyechora.

Mbele, juu ya fremu ya miguu mitatu, ilisimama picha ya jengo: ghorofa tatu, fleti nane, paa lenye pembe kali, madirisha yenye vichwa vya mviringo kama ya kanisa, na ukuta wa mbele uliovikwa vigae vyembamba vilivyofanana na matofali mekundu. Jengo hilo lilikusudiwa kusimama hatua mia mbili kutoka hapo, kwenye kiwanja ambapo nyumba tatu za mbao zilibomolewa yakabaki majani. Bwana Ruppert, mwenye kampuni, alikuwa ameendesha gari kutoka Columbus tangu alfajiri. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye sauti ya mwalimu.

"Hatutaki kuwaletea jengo kama sanduku," aliwaambia. "Tunataka jengo dogo linaloheshimu urithi wenu."

Watu wakatikisa vichwa, wengine kwa kukubali, wengine kwa baridi. Ndipo bibi mmoja wa safu ya pili akainuka, akishikilia kiti cha mbele yake. Jina lake Stefania. Alikuwa na miaka themanini na mmoja, alizaliwa mtaa huohuo na hakuwahi kuhama. Nyumba yake ilipakana na kiwanja.

"Mlango wa pembeni uko wapi?" aliuliza.

Bwana Ruppert aligeuka kuitazama picha yake. "Mlango uko mbele, mama. Huu hapa. Mpana kabisa."

"Huo nimeuona. Nauliza wa pembeni. Mtaa huu watu huingilia pembeni. Mlango wa mbele ni wa padre, wa daktari na wa jeneza."

Ukumbi ukaangua kicheko. Stefania mwenyewe hakucheka.

"Nani kachora hii?"

Bwana Ruppert, bila ubaya wowote, alinyoosha mkono kuelekea safu ya mwisho. Adolphine akasimama. Shingo zote zikageuka.

"Unaishi wapi, mama?" Stefania akamuuliza.

"Mtaa wa pili kutoka hapa. Ghorofa ya juu."

"Ukitoka kazini unaingilia wapi?"

Angeweza kujibu lolote. Alitazama kikombe chake cha kahawa.

"Pembeni," alisema.

Kicheko cha safari hii kilikuwa kirefu zaidi, na hakikuwa cha dharau, lakini Adolphine alikaa chini masikio yakiwa moto. Kamati ya mtaa haikupiga kura. Iliipa kampuni wiki sita irudi na kitu kingine.

Adolphine hakujifunzia kuchora Marekani. Alianza Bukavu, Kongo, akiwa na miaka ishirini, katika ofisi ya mjenzi mmoja aliyeitwa Mushagalusa, ambaye alijenga nyumba za watu wa kawaida kwenye ile miteremko ambako jirani wa juu anaona paa la jirani wa chini. Mushagalusa hakuruhusu penseli iguse karatasi kabla mchoraji hajashinda siku nzima kwenye kiwanja. "Kaa," angesema, "uone maji ya mvua yanapita wapi, na mama wa nyumba anapitia wapi." Kisha vita vikafika mjini, ofisi ikafungwa, na Adolphine na mumewe Bagula wakavuka mpaka wakiwa na binti yao Gloire mgongoni. Wakaishi miaka mingi kambini Uganda.

Mwaka 2012 walipelekwa Louisville. Walipewa fleti mtaa wa Newburg, na Adolphine akapata kazi kwenye ghala moja huko Okolona, akipanga viatu ndani ya maboksi. Siku za mapumziko alipanda basi kwenda mjini, na kupitia dirishani aliziona nyumba za mbao zenye upana wa chumba kimoja tu, vyumba vimefuatana nyuma kama mabehewa ya treni. Alizipenda bila kujua kwa nini. Jioni akaanza kusoma uchoraji wa ramani kwa kompyuta. Mwaka 2014 kampuni ya Bwana Ruppert ikamwajiri, wakahamia Columbus. Mwaka uliofuata Bagula alipata kazi nzuri kiwandani Tonawanda, jirani na Buffalo, na kwa bahati kampuni ya Bwana Ruppert ilikuwa inafungua ofisi ya watu watatu Buffalo. Wakahama tena.

Jumamosi baada ya mkutano ule, Adolphine alitoa kwenye mfuko ramani tatu zilizochapishwa kwenye karatasi nyembamba. Moja ilikuwa ya jengo walilojenga Louisville, ya pili la Columbus, ya tatu hili la Buffalo. Akaziweka moja juu ya nyingine, akazibandika kwenye kioo cha dirisha la jikoni. Jua lililoakisiwa na theluji lilikuwa kali, likapenya karatasi zote tatu.

Bagula aliingia akitafuta chumvi. "Mama Gloire, hii makaratasi yote iko ya nini?"

"Kuja uone. Hii ya chini ni ya Louisville. Ya katikati, Columbus. Ya juu ni ya huku."

Bagula akasogea, akafinya macho. "Mi naona nyumba moja tu."

"Ndiyo hiyo."

"Donc, wanakulipa mara tatu kwa nyumba moja? Bon, hiyo ni kazi nzuri!"

Alicheka, kisha akaona mkewe hacheki. Akaweka chumvi mezani na kutazama tena. Ilikuwa kweli. Korido ileile katikati, kama ya hoteli, milango ikitazamana, fleti nne upande huu na nne upande ule ukijumlisha ghorofa zote. Tofauti ilikuwa kwenye mstari wa mbele peke yake. Kwa Louisville, Adolphine alikuwa amechora nyuso tatu nyembamba zenye mapaa ya pembe tatu. Columbus alichora matofali, na vizingiti vya mawe juu ya madirisha. Buffalo aliambiwa aongeze kitu cha Kipolandi, akaenda kupiga picha kanisa.

"Papa Mushagalusa alikuwa anafanyaka hivi?" Bagula aliuliza polepole.

"Usinitajie ule mzee."

"Nauliza tu."

"Angenifukuza," Adolphine alisema. "Angenifukuza siku ileile."

Akazibandua karatasi, akavaa koti na viatu vya theluji, akachukua utepe wa kupimia. Gloire, aliyekuwa na miaka kumi na sita na simu mkononi, alimuuliza kwa Kiingereza anakwenda wapi na baridi hii.

"Kukaa kwenye kiwanja," mama yake akamjibu kwa Kiswahili.

Lakini kiwanja kilikuwa tupu, na theluji haikumwambia kitu. Alisimama pale mpaka vidole vya miguu vikafa ganzi. Ndipo akaigeukia nyumba ya Stefania, akapanda ngazi za mbele, akabonyeza kengele. Hakuna aliyekuja. Akabonyeza tena. Akashuka, akafuata njia nyembamba iliyopita ubavuni mwa nyumba, na kabla hajagonga, mlango wa pembeni ukafunguliwa.

"Ile kengele ilikufa mwaka sabini na nne," Stefania alisema. "Umekuja kunibembeleza?"

"Hapana. Nimekuja kupima nyumba yako, ukiniruhusu."

"Kuipima? Mnataka kuinunua?"

"Hapana, mama. Nilichora bila kujua. Nataka kujua."

Bibi alimtazama kuanzia kofia hadi viatu. "Futa miguu," alisema.

Mle ndani Adolphine alipata jambo ambalo hakulitarajia. Kutoka barabarani nyumba ilionekana ndogo, ya familia moja. Lakini ilikuwa ndefu ajabu, na kila baada ya vyumba viwili sakafu ilishuka ngazi moja, dari ikashuka nayo. Stefania akamweleza huku akishika ncha moja ya utepe kwa mikono yake yenye mishipa. Sehemu ya mbele ilijengwa na babu yake alipofika kutoka Polandi na kupata kazi reli. Mtoto wa kwanza wa babu alipooa, wakaongeza kipande nyuma, kidogo kuliko cha mbele. Wa pili alipooa, wakaongeza kingine, kidogo zaidi. Kisha cha tatu, kwa ajili ya bibi mjane. Na kila kipande kilikuwa na mlango wake wa pembeni, milango minne kwenye njia moja.

"Kwa hiyo mlikutana pale nje," Adolphine alisema.

"Tungeacha vipi? Shangazi akichelewa kutoka, unajua anaumwa. Mjomba akitoka na viatu mkononi, unajua jana alilewa."

Adolphine aliandika vipimo, akachora kwa mkono kwenye daftari. Mwili ulimchangamka. Kwao Bukavu, baba yake naye alijenga nyuma ya nyumba kila kaka alipooa, ingawa huko vipande vilipanda mlima badala ya kushuka. Akamwambia Stefania hivyo, kisha akaongeza, "Watu wa zamani walijua kuishi. Nyumba nzuri sana hii."

Stefania akaachia utepe. Ukarudi kwa kishindo ndani ya kasha lake.

"Usiniambie ilikuwa nzuri," alisema. "Njoo."

Akamwongoza hadi kipande cha mwisho kabisa, chumba kilichojaa maboksi. Kilikuwa na mlango mmoja, na kidirisha kimoja cha ukubwa wa sinia, kinachotazama ukuta.

"Tulikuwa watu kumi na mmoja na choo kimoja. Dada yangu Helena alilala hapa. Kifua kilimbana majira ya baridi mawili. Daktari alisema anahitaji hewa. Hewa ingetoka wapi?" Akasawazisha boksi lililokuwa sawa tayari. "Alikuwa na miaka tisa. Ukichora ile nyumba yenu, usinichoree chumba hiki."

Kwao Adolphine, mtu akitaja marehemu wake huambiwa pole, hata kama ni miaka sabini baadaye. Akamwambia pole, kwa Kiswahili, kwa kuwa Kiingereza hakikuwa na neno dogo namna ile. Stefania hakuuliza maana yake. Alichukua ncha ya utepe sakafuni.

"Bado hujapima jikoni," alisema.

Kwa wiki mbili Adolphine alichora. Alianza na njia ya pembeni badala ya ukuta wa mbele. Jengo akaligawa vipande vitatu vilivyofuatana nyuma, cha mbele kikiwa na ghorofa tatu, cha kati mbili, cha mwisho moja. Kila kipande kilipata mlango wake kwenye njia, na ngazi zake fupi. Korido akaifuta kabisa. Hakuna fleti iliyokosa madirisha pande mbili, ili hewa iingie huku itokee kule, na chumba cha mwisho kabisa akakipa dirisha kubwa kuliko yote. Mbele akaweka baraza mbili za mbao, ya chini na ya juu, kama zilivyo kwenye nusu ya nyumba za Buffalo, mahali ambapo watu hukaa Julai wakitazama mtaa. Matofali ya bandia na madirisha ya kanisa akayatupa. Alipomaliza, zilikuwa fleti saba, si nane.

Bwana Ruppert alimpigia simu baada ya kuona. Hakukasirika, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Ni nzuri, Adolphine. Kweli. Lakini ile ramani ya korido tunaijua. Mafundi wanaijua, benki inaijua. Badilisha sura tu. Weka mlango mmoja pembeni kumridhisha yule bibi."

"Mlango unaoelekea wapi?"

"Kwenye korido."

Adolphine alifumba macho. Alimheshimu mtu huyu. Ndiye aliyemwajiri wakati wengine walitazama cheti chake cha Bukavu kama barua ya mganga. "Ninaomba kuja Columbus," alisema. "Nikuonyeshe kitu. Baada ya hapo nitachora utakachosema."

Alipanda basi asubuhi na mapema, akafika Columbus mchana. Bwana Ruppert alidhani watakwenda ofisini. Adolphine alimwomba waende kwenye jengo lao, lile la matofali, ambalo lilikuwa limefikisha nusu mwaka tangu wapangaji waingie. Alimjua mpangaji mmoja, Kanyana, Mnyamulenge wa kwao Kongo, aliyefanya kazi ya kutunza wazee na kusali nao kanisa moja walipokuwa wakiishi huko.

Korido ilikuwa na taa zilizowaka saa saba mchana, na harufu ya zulia na vitunguu vya mtu fulani. Kanyana aliwafungulia akiwa amevaa sare ya kazi. Akawakaribisha, akawapa chai ya maziwa. Kiingereza chake kilikuwa cha polepole lakini kamili.

"Jirani yako wa mbele ni nani?" Adolphine akamuuliza, kwa Kiingereza, ili Bwana Ruppert asikie.

Kanyana alifikiri. "Simjui. Ni mwanamume, nadhani. Ninasikia funguo zake. Akisikia mlango wangu unafunguka, anasubiri ndani mpaka nipite. Mimi pia ninafanya hivyo."

"Kwa nini?" Bwana Ruppert akauliza.

"Mkikutana pale hakuna pa kukaa, hakuna cha kutazama. Utamwambia nini mtu usiyemjua, mkiwa mmesimama kwenye zulia chini ya taa? Ni kama lifti isiyoenda popote." Akacheka kidogo, akaona aibu mbele ya mgeni. "Nyumba ni nzuri. Ina joto. Nashukuru."

Bwana Ruppert alikunywa chai yake yote. Walipotoka, Adolphine alisimama katikati ya korido na kuvuta utepe kutoka mwisho mmoja. Bwana Ruppert, bila kuambiwa, akaishika ncha ya pili na kwenda nayo hadi mwisho mwingine.

"Hapa, na kwenye ghorofa nyingine mbili," Adolphine alisema kwa sauti ya kumfikia. "Ukijumlisha, hii korido ni zaidi ya fleti moja. Tunaijenga, tunaiwekea taa, tunaiwekea zulia. Na hakuna mtu anayeishi humu."

Bwana Ruppert alirudi polepole, ncha ya utepe mkononi. Bibi yake mwenyewe, alisema mwishowe, aliishi upande wa kusini wa mji huohuo, kwenye nyumba ya matofali ya Wajerumani, na watoto wa mtaa walipita jikoni kwake kama njia ya kwenda shule. Alikuwa amesahau. Alisema kumbe alipojenga hapa alichukua matofali ya bibi yake akaacha jikoni.

"Fleti saba," akasema. "Lakini mbele iwe mbao za kawaida. Hatuwezi kulipia vyote."

"Mbele ya nyumba za mtaa ule kulikuwa na mbao siku zote," Adolphine alijibu.

Mkutano wa pili ulikuwa Machi. Mashine ya joto ilikuwa imetengenezwa, na safari hii Adolphine mwenyewe ndiye aliyesimama kando ya picha. Alikuwa ameandika hotuba kwenye karatasi, akaisoma sentensi mbili, akaiweka chini. Akaeleza kwa maneno yake, kwa lafudhi yake, jinsi nyumba za mtaa huu zilivyokua kwenda nyuma kila mtoto alipooa. Akasema amejaribu kuchukua ile njia na ile milango, na kuacha vile vyumba visivyo na hewa. Hakumtaja Helena.

Stefania aliinuka tena.

"Paa linamwaga upande gani?" aliuliza.

Adolphine aligeuka kutazama mchoro wake. Paa lilimwaga pande mbili, na upande mmoja ulikuwa wa njia. Theluji ya Februari yote, mizigo kwa mizigo, ingeporomokea juu ya vichwa vya watu wanaotafuta funguo milangoni. Mtu wa Bukavu alikuwa ameyafikiria maji ya mvua. Hakuifikiria theluji.

"Upande mbaya, mama," alisema.

"Naona hivyo."

"Nitaligeuza. Limwage upande wa pili, kwenye bustani. Na juu ya kila mlango nitaweka kijipaa."

"Kirefu," Stefania alisema. "Mtu awe na mfuko wa sokoni na mtoto." Kisha akakaa, akafungua koti lake, jambo ambalo hakuna aliyemwona akilifanya katika mkutano wa kwanza.

Kamati ikapiga kura. Sita walikubali, wawili walikataa. Mmoja wa waliokataa, fundi wa magari aliyekuwa akiegesha magari yake mabovu kwenye kile kiwanja, alimwambia Adolphine wazi kwamba jengo halina kosa, ila yeye alipenda nafasi. Adolphine alimwelewa.

Aliporudi nyumbani, Bagula alikuwa ametoka zamu Tonawanda, amepika sombe la majani ya muhogo na samaki. Gloire alikuwa mezani akifanya kazi za shule. Adolphine alivua koti, akasema tu, "Imepita." Bagula akapiga makofi, akaanza kuimba pambio la kanisani huku akipakua. Gloire aliuliza kwa Kiingereza kama jina la mama yake litaandikwa kwenye ramani.

"Ndiyo. Pale chini, kwenye kona. Kwa nini?"

Msichana akainua mabega. Kisha, kwa Kiswahili cha kujikwaa ambacho hakukitumia mara nyingi, akasema, "Mi nataka kuona."

Adolphine akaikunjua ramani kati ya sahani. Gloire aliinama, akaweka kidole kwenye jina, akalisoma taratibu, Adolphine Bulonza, kana kwamba hajawahi kuliona limeandikwa. Akaipiga picha kwa simu. Baadaye Bagula alimwambia mkewe kwamba msichana aliwatumia picha hiyo hata binamu zake wa Louisville.

Ujenzi ulianza mwezi wa tano na kuchukua zaidi ya mwaka. Walipochimba msingi walikuta mawe ya nyumba za zamani zilizobomolewa. Stefania alisimama kwenye ukingo wa shimo na fimbo yake, akiwaambia mafundi jiwe lipi lilikuwa la jiko la nani. Msimamizi alitaka kuyapeleka jalalani. Adolphine alimwomba ayatumie kutandika njia ya pembeni, na kwa kuwa yalikuwa bure, msimamizi hakubisha. Hayakutosha. Theluthi ya mwisho ya njia ni saruji tupu, na mpaka leo inaonekana.

Wapangaji waliingia Agosti 2017. Fleti mbili zilichukuliwa na wazee wa mtaa waliochoka na ngazi za nyumba zao. Moja aliichukua mwalimu kijana. Katika nyingine tatu ziliingia familia za Waburma, na kipande cha mwisho, kile cha ghorofa moja, alikichukua Leya, Mnyamulenge kutoka milima ya Kivu Kusini, mwenye watoto wanne na kazi ya kiwandani. Stefania hakuhama. Alisema ataondoka nyumbani kwake siku ya kupitishwa mlango wa mbele ndani ya jeneza, na si kabla.

Desemba ya mwaka huo theluji kubwa ilianguka siku mbili mfululizo. Jumapili baada ya ibada, Adolphine alipita kumjulia hali Leya, akasikia kelele kabla hajafika. Kwenye njia, Leya alikuwa amesimama na koleo, uso kwa uso na mzee mmoja wa kipande cha mbele aliyeitwa Kaz, mstaafu wa reli mwenye masharubu meupe.

"Wewe unasafisha mpaka mlango wako tu!" Leya alikuwa akisema kwa Kiingereza chake kipya. "Mimi nipite wapi? Nina watoto!"

"Wiki iliyopita nilisafisha yote! Yote! Ulikuwa umelala!"

"Nilikuwa kazini usiku! Kama hujui, uliza!"

"Basi nimeuliza! Unafanya kazi usiku siku zipi?"

Leya alishusha koleo. "Jumanne mpaka Ijumaa."

"Haya. Jumanne mpaka Ijumaa, mimi. Zinazobaki, wewe."

"Na huyu mwalimu? Yeye hana mikono?"

Dirisha la ghorofa ya pili likafunguka, na mwalimu, nywele zikiwa zimesimama, akatoa kichwa nje. "Nakuja! Nakuja! Natafuta viatu!"

Adolphine alibaki pale mwanzoni mwa njia, mikono mifukoni, akisikiliza huku akitabasamu. Kwa kadiri alivyojua, kule Columbus hakuna jirani aliyekuwa amewahi hata kugombana na mwenzake kwenye korido. Leya akamwona na kumwita kwa sauti.

"Dada Adolphine! Uko unacheka nini? Kuja na wewe, iko koleo ingine hapa!"

Akaenda, akalishika, akaanza na upande wa saruji.